Mheshimiwa Waziri, mtazame mzee kabla ya mali yake

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Leba na Ulinzi wa Jamii,
Jamhuri ya Kenya,
Nairobi.

Mheshimiwa Waziri,

Niwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Kwetu Pwani mtu mwenye cheo huendewa nyumbani kwake, mgeni akapiga hodi, akakaribishwa, akaulizwa hali, ndipo akasema haja iliyomleta. Mlango wako uko mbali nami, na walinzi wake wanatimiza wajibu wao, wala siwalaumu. Nimeichagua njia hii kwa kuwa haja yangu si yangu peke yangu, na jibu lako, ukijaliwa kunijibu, litawafaa wengi.

Ninakuandikia wewe, si Waziri mwingine, kwa kuwa wizara yako imebebeshwa majukumu mawili ambayo sikuwahi kuyafikiria pamoja mpaka maisha yaliponipitisha katika yote mawili. Upande mmoja kuna leba, na chini yake Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira inayowapa leseni mawakala wanaowapeleka vijana wetu ng'ambo. Upande wa pili kuna ulinzi wa jamii na masuala ya wazee, ambako ndiko zinakotoka shilingi 2,000 za kila mwezi anazopewa mamangu. Kwa hiyo afisi moja inasimamia safari ya binti anayekwenda kumwogesha mzee wa Uingereza, na afisi hiyohiyo ndiyo inayopaswa kujua ni nani anayemwogesha mzee wa Ganze, wa Kitui na wa Lodwar. Mimi nimewalea wazee wa watu kwa mshahara, katika mji wa pwani kusini mwa Uingereza. Sasa ninamlea mamangu hapa Malindi. Ninakuomba kwa unyenyekevu uniruhusu nikueleze nilichokiona huko na ninachokiona hapa, kwa sababu nyumba za wazee za kulipia zimeanza kufunguliwa nchini, na huu ndio wakati ambao neno lako lingali na nguvu ya kuzuia madhara.

Nianze na Uingereza, na unisamehe nikirudia unayoyajua. Hadi mwisho wa miaka ya 1970 vitanda vingi vya nyumba za wazee nchini humo vilikuwa chini ya halmashauri za serikali za mitaa au huduma ya afya ya taifa. Katika miaka ya 1980, wakati wa Margaret Thatcher, fedha za ustawi wa jamii zikaruhusiwa kuwalipia wazee wasiojiweza katika nyumba za watu binafsi. Nyumba hizo zikaongezeka upesi, hasa katika miji ya ufukweni, ambako hoteli ndogo zilizokosa watalii ziligeuzwa kuwa makazi ya wazee. Mwaka 1990 ikapitishwa sheria mpya ya huduma ya afya na malezi katika jamii, na ilipoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 1993, serikali kuu ilizipa halmashauri fedha maalumu kwa sharti kwamba asilimia 85 ya fedha hizo itumike kununua huduma kwa watu wa nje ya halmashauri zenyewe. Ninakuomba ulitazame sharti hilo kwa makini, Mheshimiwa. Watu husema soko la malezi lilikuja kwa sababu serikali ilishindwa kazi. Halikuja lenyewe. Lilipandwa kwa kalamu ya serikali na likamwagiliwa kwa fedha za umma.

Wenye nyumba wa mwanzo walikuwa watu wa kawaida. Wafanyakazi wenzangu wa umri mkubwa waliwakumbuka: muuguzi mstaafu na mumewe, au ndugu wawili waliorithi jengo. Hawakusema kwamba zote zilikuwa nyumba njema. Walisema mwenye nyumba alijulikana kwa jina, na mtoto wa mzee akiwa na lalamiko alijua amfuate nani. Kisha wakaja wenye mitaji mikubwa. Mwaka 2004 kampuni ya uwekezaji ya Marekani, Blackstone, iliinunua kampuni ya malezi iitwayo Southern Cross, ikaipanua, na mwaka 2006 ikaiuza kwenye soko la hisa. Katika upanuzi huo majengo yalitenganishwa na kazi inayofanyika ndani yake. Jengo likawa la mwekezaji mmoja, na kampuni inayowalea wazee ikabaki kuwa mpangaji, kwa mikataba ya miaka mingi ambayo kodi yake ilipanda mwaka hadi mwaka. Aliyeuza alichukua fedha zake akaondoka. Mzigo wa kodi ulibaki kwa kampuni, na kampuni haina chanzo kingine cha fedha isipokuwa malipo ya mzee aliyelala chumbani.

Baada ya msukosuko wa fedha wa mwaka 2008 halmashauri zilibanwa, na malipo yao kwa wazee hayakuweza kwenda sambamba na kodi. Mwaka 2011 Southern Cross ikaanguka. Ilikuwa na nyumba 750 hivi, na ndani yake wazee wapatao 31,000, ambao kwa miezi kadhaa hawakujua watalala wapi. Nyumba zikagawiwa wenye majengo na waendeshaji wengine. Ungedhani somo lingetosha. Mwaka uliofuata kampuni nyingine ya uwekezaji, Terra Firma, iliinunua Four Seasons kwa pauni milioni 825, kwa sehemu kubwa kwa fedha za kukopa, na mwaka 2019 kampuni hiyo nayo ikakabidhiwa wasimamizi wa ufilisi.

Sisemi kwamba wenye mitaji hiyo ni watu waovu. Sikupata kumwona hata mmoja wao. Katika nyumba niliyofanyia kazi nilimjua meneja, mama mpole aliyebaki kazini hata zamu yake ilipokwisha. Yeye alipewa bajeti na meneja wa eneo, na meneja wa eneo aliipokea kutoka makao makuu, na makao makuu yalikuwa na deni la kulipa. Daipa za wazee zilipoanza kuhesabiwa moja moja na kufungiwa kabatini, nilimuuliza ni nani aliyeamua. Alinijibu kwa ukweli kabisa kwamba hajui. Nilimwamini, na mpaka leo ninamwamini.

Naomba sasa ustahimili nikueleze zamu ya usiku ilivyo, maana ndiko fedha zinakokatwa bila mtu kuona. Tulikuwa walezi wawili kwa ghorofa nzima. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani hugeuzwa kila baada ya saa chache asipate vidonda vya kulala, na kumgeuza kunataka watu wawili. Wawili hao wakiwa chumba cha mwisho, kengele za vyumba vingine hulia zikakosa wa kuziitikia. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa dereva wa basi kwa muda mrefu wa maisha yake. Akili yake ilikuwa timamu, miguu tu ndiyo iliyomkataa. Alibonyeza kengele apelekwe msalani, akasubiri hata akajikojolea. Nilipofika, yeye ndiye aliyeniomba msamaha. Karatasi ya chumba ilikuwa na nafasi ya kuandika saa na nafasi ya kuandika kwamba shuka limebadilishwa. Haikuwa na nafasi ya kuandika kwamba mtu wa miaka themanini na kitu amelia mbele ya mwanamke anayeweza kuwa mjukuu wake.

Haukupita muda akawekwa daipa usiku na mchana. Hakuwa ameshindwa kujizuia, sisi ndio tulioshindwa kufika. Lakini katika faili lake iliandikwa kwamba hawezi kujizuia, na tangu siku hiyo kila mlezi mpya aliyelisoma faili lile aliamini hivyo. Bwana yule hakupigwa wala hakutukanwa, na chakula alipewa. Mkaguzi angekuja asubuhi angeikuta nyumba safi yenye harufu ya sabuni na karatasi zote zimejazwa. Mheshimiwa, ninakusihi uliweke hili moyoni siku utakapoletewa rasimu ya kanuni za ukaguzi: mzee anaweza kuvuliwa utu wake wote bila kanuni hata moja kuvunjwa, ilimradi watu wa kumhudumia wamepunguzwa kiasi cha kutosha.

Na bwana yule alikuwa akilipa. Nchini Uingereza, kwa upande wa England, mwenye mali inayozidi pauni 23,250 hujilipia gharama zote za nyumba ya wazee, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 2010. Mzee aliyekuwa akiishi peke yake, thamani ya nyumba yake nayo huhesabiwa. Basi huiuza nyumba aliyoilipia ujana wake wote ili apate chumba kimoja. Tena anayejilipia hutozwa zaidi ya jirani yake anayelipiwa na halmashauri, kwa huduma ileile, ili pengo la halmashauri lizibwe. Uchunguzi wa mamlaka ya ushindani wa kibiashara ya nchi hiyo mwaka 2017 ulikuta tofauti hiyo ni asilimia 41 kwa wastani. Tume ya Andrew Dilnot ilipendekeza mwaka 2011 kwamba kuwe na kikomo cha fedha anazoweza kutozwa mtu maishani. Serikali moja baada ya nyingine ikaahirisha, na Julai 2024 mpango wenyewe ukafutwa. Sasa kuna tume nyingine chini ya Louise Casey, inayotarajiwa kumaliza kazi yake kufikia 2028. Kwa mtu wa miaka 88, miaka ya kungoja tume ni maisha yake yote yaliyobaki.

Ya korona nitayapita upesi. Kati ya katikati ya Machi na katikati ya Aprili 2020 wagonjwa wapatao 25,000 walitolewa hospitalini England wakapelekwa katika nyumba za wazee, wengi bila kupimwa, na Aprili 2022 Mahakama Kuu ya huko iliamua kwamba sera hiyo ilikiuka sheria. Nyumba nyingi zilikuwa zikijaza mapengo ya zamu kwa walezi wa kukodiwa, na mlezi wa kukodiwa leo yuko hapa, kesho yuko kwingine, naye aliubeba ugonjwa bila kujua. Upungufu wa wafanyakazi uliokuwa ukihesabiwa kama akiba ulilipwa kwa maiti.

Ni upungufu huohuo uliotufungulia mlango sisi. Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi makubaliano kuhusu wauguzi na wahudumu wa afya. Februari 2022 Uingereza ikawaruhusu walezi wa wazee kutoka ng'ambo kuomba viza ya kazi. Kijiji kwa kijiji nilisikia mawakala wakipita. Watu waliuza ng'ombe, waliuza vipande vya shamba, walichangiwa kama wanavyochangiwa wanafunzi wa chuo. Wengine walifika wakaikuta kazi ipo, nao ninawashukuria Mungu. Wengine walifika wakakuta mwajiri aliyeandikwa kwenye viza hana saa za kuwapa, na wakilalamika huambiwa kwamba viza yao iko mkononi mwake. Kati ya Julai 2022 na Desemba 2024 serikali ya Uingereza ilizifuta leseni zaidi ya 470 za waajiri wa sekta ya malezi wanaodhamini wafanyakazi wa kigeni. Leseni ya mwajiri ikifutwa, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 atafute mdhamini mwingine au aondoke. Machi 2024 walezi wapya wakakatazwa kwenda na watoto wao na wenzi wao. Julai 2025 mlango ukafungwa kwa walezi wapya wa kutoka ng'ambo.

Ninakuomba kwa adabu zote usiishie kuwahurumia hao. Wizara yako ina orodha ya mawakala wenye leseni. Tafadhali waite, uwaulize walipokea kiasi gani kwa kila mtu na walimpeleka kwa nani. Na wale waliorudi wakiwa na ujuzi wa kumnyanyua mzee bila kumvunja na wa kumlisha aliyepooza bila kumpalia, wizara iwaandikishe. Wanauza mitumba katika soko la Kongowea hali wazee wa mitaa hiyohiyo wanaoza migongo kwa vidonda.

Sasa nirudi nyumbani. Mtu akiongea habari hizi kwetu, huambiwa mara moja kwamba Mwafrika hampeleki mzazi wake katika nyumba ya wazee. Ninaiheshimu kauli hiyo, maana wengi wanaoisema wanaisema kwa mapenzi. Lakini imetumika kwa muda mrefu kufunika kazi inayofanywa na mwanamke mmoja nyuma ya pazia. Watoto wa kiume wako Nairobi, wa kike wako Doha na Jeddah, na mzee amebakia na mkaza mwana au mjukuu aliyekatizwa masomo. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Mzee aliyeshikwa na ugonjwa wa kusahau, anayetoka usiku akielekea baharini akidhani anakwenda sokoni, hawezi kulindwa na mtu mmoja asiyelala. Kwa hiyo siwapingi wanaofungua nyumba za kulipia. Kuna familia zinazozihitaji, na zisionewe haya.

Wala nisijifanye kwamba mzee wa Kiafrika yuko salama kwa kuwa tu yuko kwao. Mimi ni mtu wa Kilifi, Mheshimiwa. Katika kaunti yangu wazee wanauawa kwa kuitwa wachawi. Si siri, magazeti yameandika, mashirika ya haki za binadamu yamesema, na maafisa wa serikali wamekiri mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma hizo mara nyingi kuna shamba. Mzee ameshika ardhi, vijana wanataka kuiuza au kuigawa, kisha mtoto anaugua au kifo kinatokea mtaani, na ghafla mvi zinakuwa ushahidi. Wapo wanaume wazee wanaopaka nywele rangi nyeusi ili wasishukiwe. Kule Ganze kuna kituo cha Kaya Godoma, ambako wazee waliokimbia kuuawa na watu wao wenyewe wamepewa hifadhi. Ni wazee wenye watoto na wajukuu, na wengine wana mashamba wasiyoweza kuyarudia.

Ndipo ninapoyaona mambo haya mawili kuwa ni jambo moja. Kule Uingereza mali iliyomzunguka mzee ni jengo na nyumba aliyoiuza, na hapa Kilifi ni ekari chache za minazi na mikorosho. Mahali pote pawili mzee alianza kudhurika siku ile mali iliyomzunguka ilipohesabiwa na yeye asihesabiwe. Kule anadhurika kwa mikataba na hapa kwa panga, na sithubutu kusema ni sawa. Lakini ninaogopa sana siku ambayo haya mawili yatakutana: mwekezaji atafungua nyumba nzuri ya wazee ufukweni, familia itamwambia mzee aingie huko na hati ya shamba iandikwe kwa jina la mwingine ili kulipia, na jengo lenyewe litauzwa kwa kampuni ambayo hakuna mtu Kenya anayeweza kuibishia hodi.

Katiba imekwisha kukupa pa kusimama. Kifungu cha 57 kinaitaka Dola ihakikishe kwamba wazee wanaishi kwa utu na heshima bila kudhulumiwa, na kwamba wanapata uangalizi na msaada wa kadiri kutoka kwa familia na kwa Dola. Imeandikwa familia na Dola, vyote viwili. Basi kwa ruhusa yako nieleze ninayoyaomba.

La kwanza ni la mali. Ninaomba sheria inayosema kwamba yeyote anayeendesha nyumba ya wazee ya kulipia aandikishe wizarani mwenye jengo ni nani, mwenye kampuni ni nani, na ina deni kiasi gani. Jengo lisiweze kuuzwa likatenganishwa na huduma iliyomo bila idhini ya wizara na bila wazee na jamaa zao kuelezwa mapema. Awepo mtu mmoja anayeishi nchini, mwenye jina na anwani, ambaye mzee akidhulumiwa ndiye atakayesimama mahakamani. Na mzee yeyote anayehamisha hati ya ardhi kwa sababu ya kulipia malezi apewe wakili asiyelipwa na familia wala na nyumba ile, azungumze naye faraghani, kwa lugha anayoielewa. Mijikenda asisomewe mkataba kwa Kiingereza akaambiwa atie kidole.

Pili ni idadi ya watu wa kazi. Neno "huduma bora" halitoshi katika kanuni zako, kwa sababu nyumba niliyoifanyia kazi nayo ililibandika mlangoni. Australia, baada ya tume yake ya kifalme kuhusu malezi ya wazee iliyotoa ripoti ya mwisho mwaka 2021, imeweka wastani unaopimika: tangu Oktoba 2024 kila mkazi wa nyumba ya wazee anatakiwa apate wastani wa dakika 215 za malezi kwa siku, na 44 kati ya hizo ziwe za muuguzi aliyesajiliwa. Huenda hatutaweza kuzifikia. Tuchague zetu, lakini ziwe dakika zinazohesabika, ziandikwe katika leseni, na za usiku zitajwe peke yake. Na wakaguzi waje saa nane za usiku bila taarifa, wakae ukumbini wasikilize kengele inalia kwa muda gani.

Kisha kuna zile shilingi 2,000. Ninashukuru, na mamangu anashukuru, tena kwa dhati. Mpango wa Inua Jamii, unaozitoa fedha hizo, ulipowafikia wote wa miaka 70 na zaidi wasio na pensheni mwaka 2018, wazee wa mtaa wetu walijiona wametambuliwa na nchi yao kwa mara ya kwanza tangu uhuru. Lakini kiwango kimebaki palepale hali bei ya unga haikubaki, na fedha huja zikichelewa, mara nyingine kwa miezi kadhaa. Muuza duka huwakopesha wazee akingojea siku hiyo, na siku ikipita huacha kuwakopesha. Ninakuomba tarehe moja ya mwezi isiyobadilika. Hata kabla ya nyongeza, tarehe ya uhakika itamrudishia mzee heshima dukani. Na lipo la alama za vidole. Mamangu amelima kwa jembe tangu utotoni, na ncha za vidole vyake ni laini kama kioo. Mashine ya wakala ilimkataa, akaambiwa arudi, akarudi, ikamkataa tena mbele ya foleni nzima, kama kwamba ni mwizi wa jina lake mwenyewe. Kazi iliyoijenga nchi hii ndiyo iliyomfuta alama. Tafadhali iwekwe njia nyingine ya kumtambua, na asiyeweza kutoka kitandani afuatwe.

Njia ya kumfuata ipo. Serikali ilizindua mwaka 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, waliopewa mikoba ya vifaa na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Wanazijua nyumba kwa majina. Ninajua wako chini ya Wizara ya Afya, na sitaki kukuingiza katika mipaka ya wenzako. Ninaomba tu uzungumze na Waziri mwenzako, mzee asiyetoka nje aandikwe katika orodha yao, atembelewe kila wiki, atazamwe mgongo, aulizwe kama amekula, na aulizwe akiwa peke yake kama kuna mtu anayemtisha kwa ajili ya shamba. Posho ya mhamasishaji iongezwe kwa kazi hiyo. Na mlezi wa nyumbani, yule mkaza mwana, apewe japo siku moja ya mapumziko kwa wiki ambayo mtu mwingine aliyefunzwa atakaa na mzee. Nimewaona wakimpigia kelele mzazi wanayempenda kwa sababu hawajalala, kisha wakajuta usiku kucha.

Ukijaliwa kuja Kilifi, Mheshimiwa, nitakuwa na furaha kukupokea. Ombi langu moja ni kwamba usiandaliwe mkutano ukumbini, kwa sababu wazee ninaokusimulia hawawezi kufika ukumbini. Twende kwao, kwa idhini yao, nyumba mbili tatu za hapa Malindi asubuhi, kisha Ganze mchana. Njoo na afisa wa ardhi, ili maswali ya hati yajibiwe papo hapo, na njoo na anayesimamia mashine za Inua Jamii, aziweke mbele ya wazee azijaribu mwenyewe. Wewe huna haja ya kuandaa hotuba. Ukishaketi mkekani na kuamkia, wao watasema.

Ninarudia kukuomba radhi kwa urefu wa barua hii na kwa popote nilipovuka mpaka wa adabu. Ninangoja jibu lako kwa subira na heshima.

Wako mtiifu,

Mlezi wa wazee,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.